Siku Kumi na Mbili za Sogea

Mbwa wa fundi cherehani aliitwa Sogea, na jina hilo hakuna aliyekaa akalichagua. Alikuja mwenyewe akiwa mdogo wa kubebeka kwa mkono mmoja, siku ya mvua kubwa, akaingia chini ya meza ya kukatia vitambaa na kukataa kutoka. Fundi akitaka kuvuta kiti, alimwambia, "Sogea." Akitaka kufagia, "Sogea." Wiki ya pili fundi alilitamka neno hilo nje, kwa mtu aliyeziba mlango na toroli, na mbwa akaja mbio akitikisa mkia. Basi likawa jina.

Miaka mitatu baadaye Sogea alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya matofali, sikio moja limesimama na lingine limelala. Kuuma hakuwahi kumuuma mtu. Alikuwa mwoga, na uoga wake aliuficha nyuma ya kelele. Akitokea mtu asiyemjua, alibweka mpaka mikasi ikatetemeka mezani, kisha akarudi nyuma kinyumenyume hadi chini ya meza, akaendelea kubwekea huko. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo Sogea hakuwahi kuisikia. Wateja walishazoea. Walipimwa nguo barazani, mlango umefungwa, na fundi akipaza sauti kutaja vipimo ili asikike.

Mwanzoni mwa mwaka dada yake fundi alistaafu uuguzi, akahamia kwa mdogo wake. Alimzidi miaka saba. Alikuwa amefanya kazi wodi ya upasuaji miaka thelathini na mmoja, na alikuwa na tabia ya kuingia chumbani akiangalia kwanza kama shuka zimenyooshwa. Fundi, aliyekuwa anaishi peke yake tangu mkewe afariki na watoto waolewe, alifurahi. Sogea hakufurahi. Miezi miwili ilipita na bado kila dada alipofungua mlango wa chumba chake, mbwa alimbwekea kama mwizi.

"Kila asubuhi ananiuliza mimi ni nani," dada alimwambia fundi. "Na kila asubuhi namjibu, na kesho anasahau."

Ukweli ni kwamba naye alimwogopa. Alipokuwa msichana mbwa alimng'ata kwenye shavu la mguu, na kovu lilikuwa bado lipo. Kwa hiyo alipita sebuleni akiwa ameshika sinia mbele ya magoti yake kama ngao, na mbwa, akiona mtu anatembea na sinia namna ile, alizidi kuamini kwamba huyu hana nia njema.

Kilichobadilisha mambo ni ukuta wa nyuma. Upande wa pili aliishi mama mmoja mwenye kitalu cha miche, na mama huyo alikuwa na mbwa jike. Siku moja Sogea aliruka ukuta. Hakurudi siku hiyo, wala iliyofuata. Siku ya tatu alirudi akichechemea, mdomo umechanika, ananuka jalala. Wiki tisa baadaye mwenye kitalu alikuja hadi barazani, akasimama mbali kidogo.

"Fundi, hongera," alisema. "Umekuwa babu. Wako sita, na wanne wana sikio moja limesimama na moja limelala, kwa hiyo usijisumbue kukana."

Fundi aliomba radhi mpaka akaishiwa maneno, akaahidi kuwatafutia wadogo wale pa kwenda, na kweli aliwapata wateja wanne kabla ya mwezi kuisha. Lakini jioni ile, mwenye kitalu alipoondoka, dada alitoa shauri lake bila kuzunguka.

"Ahasiwe."

Sindano ilimchoma fundi kidole. "Dada, neno hilo usiliseme mbele yake."

"Niliseme wapi, sokoni? Ni dakika ishirini na nyuzi chache. Asipohasiwa, safari ijayo atarudi na mguu uliovunjika, au hatarudi kabisa."

Fundi alijua dada yake anasema kweli. Hofu yake haikuwa kisu. Hofu yake ilikuwa mikono. Mara ya mwisho Sogea kuchanjwa, walihitajika wanaume watatu na kitambaa cha meza, na baada ya hapo mbwa hakula siku mbili. Alilala amegeukia ukuta, na hata fundi alipomgusa alishtuka. Fundi hakutaka kuiona tena hali ile.

Akampigia simu daktari wa mifugo aliyekuwa amefungua zahanati karibuni, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Fundi alitegemea aambiwe tarehe. Badala yake aliulizwa maswali. Mbwa akiogopa anafanya nini? Anapenda kula nini kuliko vyote? Anamwamini nani?

"Ananiamini mimi," fundi akajibu.

"Na nani mwingine?"

Fundi alitazama mlango wa jikoni. Dada yake, aliyekuwa anasikiliza kutoka humo, akaacha kuosha vyombo.

"Basi mzee, kabla ya kisu tumtafutie mtu wa pili," daktari akasema. "Siku ile ukipatwa na dharura wewe, nani atakuwa naye? Tujipe wiki tatu. Hatuna haraka."

Mtu wa pili hakuwa wa kutafutwa mbali. Dada alipiga moyo konde. Daktari alimwelekeza: akae kwenye kigoda, ampe mbwa mgongo, asimtazame, asimwite, awe anatupa vipande vidogo vya maini nyuma yake. Alichemsha maini, akayakata madogo kama punje za maharage, na kila mchana alikaa katikati ya sebule akitazama ukuta na kurusha nyama juu ya bega. Siku ya kwanza Sogea hakutoka chini ya meza. Siku ya tatu vipande vya mbali viliondoka. Siku ya nane dada alisikia pumzi karibu na kiwiko chake, na akakiri baadaye kwamba alijikaza mpaka kidevu kikauma.

Wakati huohuo fundi alimfundisha Sogea kuvaa kikapu cha mdomo, kile cha plastiki chenye matundu, kinachomruhusu mbwa kuhema na kunywa maji lakini si kuuma. Hakumvisha kwa nguvu. Alipaka siagi ya karanga ndani yake akakishika tu, na Sogea akaingiza pua mwenyewe. Wiki ya pili alikuwa akikiona tu anakifuata.

Mara tatu walikwenda zahanati bila kufanya chochote. Mara ya kwanza waliishia getini. Mara ya pili waliingia, mbwa akasimama kwenye mizani, wakaondoka. Mara ya tatu daktari alikuwa ameketi sakafuni, ubavu ukiwaelekea, anasoma makaratasi yake kana kwamba hakuna mtu. Sogea alibweka kwa dakika kumi nzima. Daktari akageuza ukurasa. Alipochoka kubweka, Sogea alilala juu ya viatu vya fundi akawa anamtazama yule mwanamke kwa mshangao, kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi asimpate wa kugombana naye.

Siku ya upasuaji ilikuwa Jumanne. Mbwa hakula tangu jioni. Alfajiri fundi alimpa kidonge cha kutuliza alichopewa na daktari, ndani ya tone la siagi, na saa mbili yeye na dada walimwingiza zahanati kwa mlango wa nyuma ili wasikutane na wagonjwa wengine. Kikapu kilikuwa mdomoni. Fundi alipiga magoti, akamkumbatia shingo, akawa anamwambia maneno ambayo hata yeye mwenyewe hakuyasikiliza. Daktari alichoma sindano pajani mara moja, akarudi nyuma.

"Sogea kidogo, mzee, nipate nafasi ya kukaa," alisema.

Mbwa, macho yameshalegea, akatikisa mkia mara mbili kwa kusikia jina lake. Kisha akalala juu ya aproni ya fundi.

Walimbeba hadi mezani. Daktari akawasha mashine ya kunyoa, na manyoya ya tumboni yakaanza kuanguka, ngozi nyekundu ikaonekana. Hapo ndipo fundi, aliyekata nguo za watu miaka thelathini bila mkono kutikisika, alipoona chumba kinazunguka. Dada alimdaka kwa mkanda wa suruali.

"Daktari, wewe endelea na wako," alisema kwa utulivu. "Huyu ni wangu."

Alimlaza kwenye benchi la ukumbini, miguu juu ya kiti, akampa maji ya sukari kwa kijiko. Fundi alitaka kuinuka.

"Lala hapo. Ukianguka ukapasua kichwa, nitakuwa na nyuzi za pande mbili."

"Mbwa akiamka asinikute?"

"Akiamka atanikuta mimi."

Alisema hivyo kwanza, kisha akasikia alichokisema.

Upasuaji ulikwisha salama. Dada aliuona mwisho wake akiwa mlangoni, akamwambia daktari kwamba mkono wake ni mwepesi, na kwa mtu aliyesimama karibu na madaktari wa upasuaji miaka yote ile hiyo haikuwa sifa ndogo. Walimhamishia Sogea kwenye godoro katika chumba kidogo chenye pazia. Dada akavuta kiti, akaketi ubavu, sinia hakuja nalo.

Baada ya nusu saa sikio lililosimama lilicheza. Jicho moja likafunguka. Sogea alimwona dada, akatoa muungurumo mdogo, mfupi, kama karani anayegonga muhuri kwa sababu ndiyo kazi yake. Kisha akateremsha kichwa, na kichwa hicho kizito kikatua juu ya mguu wa dada. Mguu ulikufa ganzi, na dada hakuutoa mpaka fundi alipoingia, uso bado mweupe kama chaki ya kuchorea nguo.

Nyumbani ndiko kazi ilikokuwa. Daktari alikuwa ametoa masharti: siku kumi na mbili bila kukimbia, bila kuruka, bila kulamba mshono. Ili asilambe, walimvisha kola ya plastiki, ile pana kama bakuli lisilo na kitako. Sogea akageuka mbwa mwingine. Hakuona pembeni, na kila sauti ilimjia kutoka asikokujua. Aligonga miguu ya meza, akagonga mlango, akashtushwa na kishindo alichokifanya mwenyewe, na jioni ile alimbwekea fundi.

Hilo fundi hakuweza kulivumilia. Alitoa fulana yake ya zamani, ya pamba inayovutika, akaiweka mezani. Alimpima Sogea akiwa amelala: shingo, kifua, tumbo, kutoka kwapa hadi mkia. Vazi la kwanza lilikuwa na matundu ya miguu yaliyokaribiana mno, na Sogea alipovishwa alisimama wima kama sanamu, hakuthubutu kupiga hatua. Vazi la pili lilikaa vizuri, ila fundi alikuwa ameweka nyuma utepe wa kunata, na ulipobanduliwa ukalia *kraaa*, mbwa akaishia chini ya kitanda.

"Mteja hajaridhika," dada alisema.

"Nimeona. Mteja mgumu huyu kuliko bibi harusi."

La tatu lilifungwa kwa vifungo vya kubonyeza vinne, mgongoni karibu na mkia, ili akipelekwa kukojoa sehemu ya nyuma ifunguliwe na kukunjwa. Lilikuwa na harufu ya fundi mwenyewe. Sogea alilala nalo usingizi mzito, na kola ikawekwa juu ya kabati.

Siku ya tano fundi alikuwa na sare za shule za kupeleka, arobaini na mbili, na hakukuwa na wa kumpelekea. Aliondoka asubuhi akiwa na wasiwasi. Hadi hapo dada alikuwa anampa mbwa chakula na kukaa karibu naye, lakini kumgusa, fundi ndiye aliyemgusa.

Kabla ya saa nne dada aliona kifungo kimoja kimefunguka na Sogea amekunja shingo, analamba. Alipoinama akaona chini ya vazi kuna wekundu na uvimbe. Akampigia daktari simu.

"Mama, nahitaji kuuona," daktari akasema. "Unaweza kumlaza ubavu, ukafungua, ukanipigia picha?"

"Yeye na mimi hatujafika huko."

"Mtafika. Ukisikia anaunguruma, simama. Akinyamaza, endelea. Usimkemee kwa kuunguruma. Anakuambia tu."

Dada alikata simu. Alikumbuka wagonjwa waliokuwa wakishika kingo za kitanda wakiona sinia la vidonda, na jinsi alivyojifunza, pole pole, kwamba mtu haogopi mkono kama anavyoogopa kutojua mkono unakwenda wapi. Akaketi sakafuni, magoti yakilalamika.

"Haya, mwanangu," alisema kwa sauti yake ya wodini. "Mimi ni yuleyule wa maini. Sasa nanyoosha mkono. Naugusa mgongo. Ndio huo."

Sogea aliunguruma. Dada akasimamisha mkono, akasubiri, akahesabu pumzi zake. Ukimya ulirudi.

"Sasa nafungua kifungo. Kimoja. Kitalia kidogo. Sasa cha pili."

Mara tatu aliunguruma, mara tatu akasimama. Ya nne haikuja. Sogea alishusha pumzi ndefu, akajiviringisha mwenyewe ubavu, akainua mguu wa nyuma. Dada alipiga picha, akaituma.

Jibu lilikuja haraka. Ni mvilio tu wa damu, nyuzi zote zipo, hakuna usaha. Kitambaa cha maji baridi dakika tano, mara tatu kwa siku, na asilambe.

Fundi aliporudi mchana alikuta nyumba kimya, akaogopa. Akanyata hadi sebuleni. Dada yake alikuwa amekaa sakafuni ameegemea ukuta, kitambaa chenye maji mkononi, anaongea.

"Sasa nakiweka tena. Baridi, najua. Hata mimi sipendi baridi."

Mbwa alikuwa amelala chali nusu, macho yamefumba.

Fundi alirudi nyuma taratibu, akakaa barazani kwa muda. Tangu dada yake ahamie hakuwahi kusikia sauti ile. Alikuwa amemwona akifuta vyombo vilivyo safi, akizipanga upya kabati ambazo hakuna aliyezivuruga, na alidhani ni uzee. Alipoingia mara ya pili alibamiza mlango makusudi ili asikike.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Viatu vyako vivulie nje, wodi imefagiwa."

Siku zilizobaki zilikuwa za starehe kwa wote watatu. Dada aliandika ratiba akaibandika kwenye friji: kukojoa, dawa ya maumivu, kitambaa baridi, kupumzika. Fundi alishona na kuambiwa apunguze mwendo wa cherehani mgonjwa akiwa amelala, na alipunguza. Kwa kuwa Sogea hakuruhusiwa kukimbia, dada alimfichia vipande vya maini ndani ya kitambaa kilichokunjwa, naye akatumia nusu saa kuvitafuta kwa pua, kazi iliyomchosha kuliko kuruka kuta. Siku ya tisa mwenye kitalu alichungulia ukutani kumjulia hali mkwe wake, kama alivyomwita, na mbwa akambwekea kama kawaida. Dada alisema ni dalili ya afya.

Siku ya kumi na mbili daktari alitoa nyuzi. Zilikuwa tano. Fundi alishika kichwa akitazama dari, dada akashika miguu na kutangaza kila uzi kabla haujakatwa. Sogea alitetemeka, lakini alibaki mahali pake, na ilipokwisha alikula maini kutoka kiganjani mwa dada. Daktari alilishika lile vazi, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono.

"Mzee, hili umelinunua wapi?"

"Nimeshona. Limeharibika mara mbili kwanza."

"Nina paka wawili wiki ijayo na hawataki kabisa kola. Utanishonea?"

Fundi alisema paka hajawahi kumpima, ila atajaribu. Alijaribu, na mikwaruzo ya jaribio la kwanza ilichukua wiki kupona, dada akaisafisha kwa spiriti bila huruma.

Sogea hakugeuka mwanasesere. Msoma mita bado anapokewa kwa kelele, na wateja bado wanapimwa barazani. Ukuta aliuangalia mara mojamoja, kisha akalala. Mlango wa chumba cha dada unapofunguka asubuhi, anainua kichwa, anaona ni nani, anakirudisha.

Mwezi uliofuata dada alichukua kamba, akatoka naye peke yake kwa mara ya kwanza. Walipita upande wenye ukuta mrefu, mbwa upande wa ukutani, yeye upande wa barabara. Hakwenda kasi.

"Anakuja mtu mwenye baiskeli," alimwambia. "Atapita tu. Haya, amepita. Yule mbele ni muuza magazeti. Ana kofia kubwa lakini hana neno."

Muuza magazeti akageuka kuona ni nani anayesemwa. Dada akamsalimia. Sogea alijikunyata kwenye mguu wake, akanung'unika kidogo, akaendelea kutembea. Walifika hadi kona ya zahanati, wakazunguka, wakarudi kwa njia ileile. Chai ilikuwa mezani, na fundi alikuwa anaweka uzi kwenye sindano.

"Amekusumbua?" aliuliza.

"Tumetembea," dada akasema, akivua viatu mlangoni. "Kesho tutafika mbali kidogo."